Nenosiri la Herufi Nane

Mzee alikataa kuketi. Alisema jambo zito halifanywi na mtu aliyeketi, kwa hiyo alisimama mbele ya kompyuta yake kama anayengoja kuapishwa, kofia kifuani, na nyuma yake dirisha liko wazi kwa ajili ya mwanga.

"Hilo nenosiri linataka herufi ngapi?"

"Nane, Baba. Zisipungue nane," akasema Cheptanui. "Zikizidi ni vizuri zaidi. Hata ishirini."

"Ishirini ni hotuba."

Mzee akainua mkono na kuanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikisogea bila sauti. Alipofika kidole cha nane, uso wake ukafunguka kama mlango wa kanisa siku ya harusi.

"Nane! Nane kamili! Unaona? Mungu alijua."

Cheptanui aliona. Jina la baba mkwe wake lilikuwa na herufi nane.

Katika boma hilo, lililo nje kidogo ya mji wa Rongai, mke wa kijana hataji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, halitaji hata akimsimulia ng'ombe. Mama Kibii mwenyewe, aliyeolewa humo miaka arobaini na moja iliyopita, hakuwahi kulitamka. Alipomtaka mumewe alisema "mwenyewe", au "baba yenu", au aligonga sufuria. Cheptanui alikuwa na miezi minne tu ya ndoa, na adabu hiyo aliishika kwa mikono miwili.

"Nani atalikisia?" Mzee akaendelea, anang'aa. "Wewe huwezi kulisema. Mama yenu hawezi. Kibii ni mtoto wangu, ataniita kwa jina akiwa na kichwa gani? Basi limefungwa! Hakuna kufuli kama adabu."

"Ai, Baba, pengine tungetafuta jingine..."

"Jingine la nini? Hili lina kasoro gani?"

Mtego ukamnasa hapo hapo. Kasoro ya jina haielezwi bila kulitaja jina, na hata kama ingeelezeka, ni mke gani wa miezi minne atakayesimama mbele ya mzee na kumwambia jina lake lina kasoro?

Mzee akainama, akanyoosha kidole kimoja, na kuanza kuandika. Alikuwa mtu wa kuandika kwa sauti. Na sauti yenyewe ndiyo ile aliyoitumia ujanani kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde.

"K!" Akatafuta. "Iko wapi I? I! P! Hii hapa! R!"

Nje ya dirisha, ng'ambo ya ua wa michongoma, ndipo kilipo kituo cha boda boda. Ilipofika U ya kwanza, vichwa vitatu vilikuwa vimegeuka. Ilipofika G, pikipiki mbili zilizimwa ili watu wasikie vizuri.

"U! T!" Mzee akasimama wima, akajumlisha kama mwalimu wa darasa la kwanza: "KIPRUGUT!"

"Asante, mzee!" mtu akaitikia kutoka barabarani.

Mzee akampungia kofia.

*

Kompyuta zenyewe zilikuwa mbili, na umri wake ukiujumlisha ulikuwa umeshapita ule wa kupiga kura.

Ya kwanza ni ya Mzee, aliyoipata shule moja ya Njoro ilipokuwa ikibadilisha maabara yake. Kioo chake kilikuwa na kisogo kikubwa kama friji, na haikuwa na njia yoyote ya kushika mtandao usio na waya. Cheptanui alikuwa ameitia kwenye tundu la USB kidude kidogo cha ukubwa wa kucha, ambacho ndicho kingekuwa sikio lake. Kisha alifuta programu yake ya kale, iliyokuwa imeacha kupata marekebisho ya usalama tangu yeye mwenyewe akiwa shule ya msingi, akaweka Linux nyepesi inayoweza kutembea hata kwenye mashine ya babu. Mzee hakujali kilichofutwa ila kitu kimoja.

"Kilima changu kiko wapi?"

Alimaanisha ile picha ya kilima cha kijani chini ya anga la samawati iliyokuwa ikikaa kwenye kioo. Kwa miaka yote hiyo aliamini ni upande wa Molo, ukishapita Sachangwan, na wageni alikuwa akiwaonyesha hasa mahali barabara inapopita nyuma yake. Cheptanui alikitafuta kilima kwenye faili za zamani, akakirudisha. Dunia ikatulia.

Ya pili ilikuwa laptopu yake, aliyosomea diploma ya kompyuta pale Nakuru. Betri ilikufa zamani, kwa hiyo iliishi kwa kuchomekwa ukutani. Kitufe cha herufi A kilikuwa kimebanduka kikapotea, na alipoandika alibonyeza kichuchu cha mpira kilichobaki. Kwa mtu anayeandika Kiswahili, kukosa A ni kama kukosa chumvi. Vidole vyake vilizoea.

Kwenye paa kampuni moja ya mtandao ilikuwa imefunga antena, na sebuleni ikaacha ruta nyeusi yenye taa nne za kijani. Mzee alifurahi mpaka akatunga msemo, na msemo huo akautembeza mji mzima: "Kibii ameleta waifu, na waifu ameleta waifai!"

Cheptanui alifanya kila kitu kwa utaratibu aliofundishwa. Alibadilisha nenosiri la kuingilia ndani ya ruta, lile la kiwandani ambalo kila mwizi analijua. Alizima kitufe kinachomruhusu mtu kujiunga bila kuandika lolote. Alichagua kufuli jipya badala ya lile la zamani ambalo mtoto wa sekondari hulivunja akisubiri chai ichemke. Akabakiza jambo moja tu, nenosiri la mtandao wenyewe, na kwa heshima akamwachia mwenye boma.

Kosa lake lilikuwa hilo.

Na kosa hilo halikumpata siku ya mzaha. Ilikuwa Jumatano, na Alhamisi saa nane mchana Cheptanui alikuwa na mtihani wa kazi. Kampuni moja ya Nairobi ilitafuta mtu wa kusikiliza sauti za Kiswahili na kuziandika neno kwa neno, vituo na mikato mahali pake, na ilikuwa tayari kumwajiri popote alipo. Walioomba walikuwa mia tatu. Waliobaki walikuwa sita. Tangu atoke chuoni alikuwa ameandika barua za maombi hadi akazijua kwa moyo kama sala, na hii ndiyo ya kwanza kujibiwa. Masharti yalikuwa mafupi: mtandao wa nyumbani, wenye kasi, uliofungwa barabara, kwa sababu sauti za wateja ni siri zao. Atakayekatika katikati, ameanguka. Hakuna kurudia.

*

Alhamisi saa sita mchana alipima kasi. Mshale kwenye kioo ulijaribu kupanda, ukatetemeka, ukalala chini kama mbuzi aliyekataa kamba.

Akafungua ukurasa wa ruta kuona ni nani waliomo. Alitarajia majina mawili. Akakuta ishirini na sita.

Simu ya Obura Kinyozi. Simu nyingine ya Obura Kinyozi. Shiru wa Chapati. TV ya Kang'ethe Posho Mill, yule wa kinu cha unga. Mtu aliyejiita Simba wa Rongai. Mwingine aliyejiita Mhubiri. Hata tableti ya shule ya Jumapili ilikuwemo.

Akatoka mbio mpaka kwenye ua. Huko barabarani pikipiki tisa zilikuwa zimepangwa, na juu ya kila pikipiki kijana ameinamisha kichwa kwenye simu, kimya, kama watu walio katika maombi ya kufunga. Abiria mmoja alikuwa amesimama na gunia la viazi, anaomba apelekwe, hakuna anayemsikia. Obura alikuwa ametoa kiti chake cha kunyolea nje kabisa. Mteja alikuwa juu yake, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, na wote wawili wanatazama mpira.

"Shemeji!" Obura akaita alipomwona. "Umebarikiwa, shemeji. Waifai tamu hii!"

"Nani aliwapa nenosiri?"

"Hatukupewa. Lilitangazwa." Obura akaweka mashine ya kunyoa mfukoni, anajikuna kidevu. "Lakini huyu mteja wangu bado hajaingia. Nimesahau kidogo. Eti nenosiri ni nani?"

"Ni nini," Cheptanui akamsahihisha.

"Hapana, ni nani. Anaitwa nani yule?"

Pikipiki zote tisa zikachangamka.

"Shemeji msaidie!" mmoja akadakia. "Inaanza na K."

"Ni jina la mwenye boma," Cheptanui akasema, meno yamefungwa.

"Ndiyo, lakini hilo haliingii! Nimeandika 'mwenye boma', imekataa!"

"Andika 'baba mkwe'!" akapiga kelele mwingine, na kituo kizima kikaanguka kicheko. Hata mwenye viazi alicheka, na hata Cheptanui alijikuta akiuma midomo ili asicheke, jambo lililomkasirisha zaidi.

"Endeleeni tu," akasema. "Leo mtalia."

"Tukilia tutatuma emoji!"

Angeweza kurudi ndani akalibadilisha kimya kimya. Ufunguo wa ruta alikuwa nao. Lakini kuling'oa jina la mzee nyumbani mwake bila ruhusa yake, katika mwezi wa nne wa ndoa? Kwa jambo kama hilo mtu hurudishwa kwao na laptopu yake kichwani. Kibii angemsaidia kuzungumza, lakini Kibii alikuwa kazini kwenye shamba la maua Naivasha hadi Jumamosi, na simu ndani ya nyumba za maua haziruhusiwi.

Akamwendea Mzee.

"Baba, lile nenosiri ni dhaifu."

Mzee alikuwa akimsikiliza mhubiri kwenye kompyuta, na mhubiri alikuwa amekwama mdomo wazi tangu saa tatu. Akageuka polepole.

"Jina langu ni dhaifu?"

"Si jina, Baba. Nenosiri."

"Nenosiri ni nini?"

"Ni... ni lile."

"Na lile ni nini?"

Cheptanui akamwomba asogee hadi kwenye laptopu, pale ilipochomekwa ukutani, akamwonyesha orodha ya ishirini na sita.

Mzee akavaa miwani. Akasoma jina moja baada ya jingine. Na badala ya kukunja uso, akaanza kutabasamu, na tabasamu likawa kicheko, na kicheko kikamfanya ashike kiti.

"Kang'ethe yumo? Kang'ethe aliyekuwa hanisalimii tangu uchaguzi wa kanisa? Ameandika jina langu kwa mkono wake?"

"Ndiyo, Baba, lakini..."

"Unajua jina langu lina maana gani? Nilizaliwa mwaka wa njaa. Mtoto wa njaa! Shuleni walinicheka kwalo. Sasa tazama. Njaa inalisha watu! Ishirini na sita wanakula kwa jina langu." Akapangusa machozi. "Mwanangu, hili halibadilishwi. Liache lifanye kazi ya Mungu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na robo.

*

Mama Kibii alikuwa jikoni akichambua mboga za managu. Cheptanui aliketi karibu naye kwenye kigoda, akayaeleza yote kwa pumzi moja: mtihani, mshale uliolala, ishirini na sita, kazi ya Mungu.

Mama mkwe alisikiliza bila kuinua macho. Alipomaliza, akacheka kwa pua.

"Ulimwambia ashuke," akasema.

"Nilimwambia ni dhaifu."

"Ndiyo kumwambia ashuke. Yule hashuki. Mimi kwa miaka arobaini na moja sijawahi kumtoa yule mahali akiketi pabaya. Huwa namtafutia mahali pa juu zaidi, anahama mwenyewe." Akatupa majani kwenye sinia. "Kwenye hiyo mashine yenu hakuna mahali pa juu?"

Cheptanui akaruka kutoka kwenye kigoda kwa nguvu hata sinia ikamwagika.

"Mama! Pako!"

"Basi okota managu yangu kwanza."

Akaokota, akakimbilia sebuleni. Mzee alikuwa bado akimngoja mhubiri afunge mdomo.

"Baba, naomba uandike nenosiri kwenye simu yangu. Wewe mwenyewe."

"K!" Mzee akaanza kwa furaha. "I!" Akafika mwisho, akaitazama simu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha. "Mbona sioni kitu?"

"Unaona nini, Baba?"

"Nukta. Nukta nane."

"Ndiyo hizo."

"Ndiyo hizo nini?"

"Nenosiri halionekani, Baba. Huo ndio utaratibu wake. Kila anayeliandika, linageuka nukta. Kang'ethe aliliandika, akaona nukta. Obura aliliandika, nukta. Watu ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyeliona."

Mzee akavua miwani. Alikuwa hajawahi kutukanwa namna hiyo.

"Kwa hiyo wanaona nini, hao?"

Cheptanui akamfungulia orodha ya mitandao. Juu kabisa palikuwa na mmoja tu, wenye alama ya kufuli ubavuni: VX4471.

"Hili ndilo jina la mtandao. Hili halifichwi. Linaonekana kwenye kila simu iliyo karibu, hata ya mtu anayepita na lori kwenda Eldoret."

"VX ni nani?"

"Ni jina la kiwandani."

"Boma langu linaitwa VX?"

"Kwa sasa, Baba. Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Mzee akasimama. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. "Na mtu akitaka kumtoa huyo VX?"

"Nafungua mahali pake, na mwenye boma anaandika jina analotaka. Lakini nenosiri nalo lazima libadilike. Jina haliwezi kukaa mlangoni na kwenye paa kwa wakati mmoja."

"Fungua!"

Akafungua, naye Mzee akaandika, safari hii kwa herufi kubwa zote, na kwa sauti kubwa kuliko jana. Cheptanui akamshukuru Mungu kwamba hakuhitajika kutia hata nukta.

"Na hilo nenosiri jipya," Mzee akasema, akijipangusa mikono kama aliyemaliza kuchinja, "wekeni lolote. Kazi ya mlango ni ya wanawake."

Akatoka nje kwenda kuona jina lake linavyoonekana hewani.

Mama Kibii alikuwa amesimama mlangoni tangu VX, managu bado mkononi. Akaja akaketi kando ya Cheptanui. Ilikuwa saa saba na dakika arobaini.

"Haraka, Mama. Neno refu. Refu sana, hata sentensi, bora tusilisahau na asilijue mtu wa nje. Urefu ndio nguvu."

"La watu wa ndani?"

"La ndani kabisa."

Mama mkwe akatazama dirishani kuhakikisha kofia iko mbali. Akainama kwenye sikio la mke wa mwanawe.

"Mtu usiyeweza kumwita jina, unamwitaje akilini mwako miaka arobaini na moja? Mimi ninalo langu. Hata dada zake wanalijua. Yeye ndiye asiyelijua." Akalisema kwa mnong'ono.

Cheptanui akaziba mdomo kwa viganja viwili.

"Mama!"

"Kwani uongo? Umewahi kumsikia akiingia bila hivyo?"

Akaliandika lote, bila kuacha nafasi, huku akibonyeza kile kichuchu cha A mara nyingi kuliko kawaida kwa sababu kicheko kilimpotezea shabaha: yulewakukohoamarambilimlangoni. Akapiga kitufe cha kuhifadhi. Taa nne za ruta zikazima, zikafikiria, zikawaka.

Kutoka barabarani ikasikika sauti ya watu wengi wakiumia kwa pamoja.

"Uuuuuui!"

"Goli! Ilikuwa inaingia goli!"

"Mtandao umekufa!"

"Haujakufa, uko hapa! Unaitwa... Ai! Jamani! Unaitwa Kiprugut!"

"Si ndiyo nenosiri?"

"Limekataa! Jaribu na moja mbele!"

Ikafuata sauti ya pikipiki moja kuwaka, kisha nyingine. Mwenye viazi alikuwa amepata usafiri. Na mlangoni, mtu akakohoa. Mara moja. Mara mbili.

Mama na mke wa mwanawe walianguka pamoja kwenye kochi. Mzee alipoingia aliwakuta hawawezi kusema, mmoja ameshika mbavu na mwingine amejifunika uso kwa leso, na akaona ni haki yao, kwa kuwa hata yeye alikuwa na furaha kubwa.

"Linaonekana mpaka kwa Kang'ethe," akatangaza. "Nimemfuata nikamwonyesha."

*

Saa nane kamili uso wa mwanamume mwenye miwani ukatokea kwenye laptopu. Mshale wa kasi ulikuwa umesimama wima kama askari.

"Habari ya mchana, Cheptanui. Mimi naitwa Makhanu, nitakusimamia. Nakusikia vizuri. Kasi yako ni safi, pengine kuliko hata yetu hapa. Umeme uko sawa?"

"Uko sawa."

"Mtandao umefungwa kwa nenosiri?"

"Umefungwa kabisa."

"Vizuri. Kabla hatujaanza, nisomee jina la mtandao kwa sauti. Tunarekodi, ni kwa ajili ya kumbukumbu."

Cheptanui alitazama pembe ya kioo. Jina lilikuwa pale, herufi nane, kubwa zote.

"Naweza kukutumia picha yake?"

"Hapana, dada. Sheria ni kusoma. Mtandao unaitwaje?"

Akafikiria kulitaja herufi moja moja, lakini si ndivyo Mzee mwenyewe alivyofanya jana, na mji mzima ukalisikia jina? Akamtazama Mama Kibii aliyekuwa kwenye kochi. Mama Kibii akatikisa kichwa: hata yeye halitaji.

"Cheptanui? Una dakika moja, kisha mfumo unajifunga wenyewe. Unaitwaje?"

Unaitwaje. Unaitwa. Cheptanui akageukia dirishani na kuvuta pumzi yote iliyokuwa Rongai.

"Baba! Unaitwa!"

Kule kwenye ua, kofia ikageuka. "Na nani?"

"Na Nairobi!"

"Nairobi inaniita?" Mzee akasema kwa sauti ya kuwafaa watu wote wa kituoni. "Nisubirini, vijana. Nairobi inaniita."

Akaja kwa hatua ndefu. Mlangoni akakohoa. Mara moja. Mara mbili. Kwenye kochi Mama Kibii aliuma leso. Cheptanui alijifinya paja mpaka machozi yakamtoka, akamgeuzia Mzee kioo.

"Shikamoo, mzee," akasema Makhanu, amechanganyikiwa. "Samahani. Unaitwa nani?"

"Si ni nyinyi mmeniita? Mnaniitaje, halafu mnaniuliza naitwa nani?"

"Nilikuwa nauliza jina la mtandao."

"Ni mimi!"

"Wewe ni nani?"

"Ni mimi mtandao! Kiprugut! Soma hapo juu! Zamani aliitwa VX, nimemtoa."

Makhanu alimtazama Mzee, akamtazama msichana aliyeinamisha kichwa pembeni, kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Ni baba mkwe?" akauliza.

"Ni baba mkwe," akasema Cheptanui.

"Ungesema! Mimi kwetu ni Bungoma. Mama mkwe wangu na mimi hatujashikana mkono huu mwaka wa tisa. Akija mjini mimi nalala kwa rafiki." Akavua miwani, akaipangusa. "Nimeandika jina, mzee, na asante. Sasa naomba kila mtu atoke. Dada, una dakika arobaini. Zinaanza... sasa."

Sauti ikamwagika masikioni: mwanamke akieleza jinsi alivyojifungua pacha kwenye foleni ya benki, haraka haraka, huku akicheka, huku akimgombeza mtu pembeni. Cheptanui akaingia ndani ya sauti hiyo kama anayeingia mtoni. Hakusikia pikipiki. Hakusikia mtu akijaribu maneno mia moja kwenye ua. Kidole cha kushoto kilishuka kwenye kichuchu cha A tena na tena: alisema, akacheka, akaanguka, akanyanyuka, akawabeba. Alipoweka kituo cha mwisho zilibaki sekunde kumi na mbili, na mtandao haukuwa umepepesa hata jicho.

Kioo kikawa cheupe. Kikakaa cheupe muda wa kutosha mtu kutubu dhambi zake. Kisha: asilimia tisini na tatu. Kilichotakiwa ni tisini. Chini yake Makhanu mwenyewe alikuwa ameongeza, bila herufi kubwa na bila kituo, karibu kazini jumatatu.

Hakukumbuka kuondoa vipokea sauti. Alitoka navyo, waya unaburutika sakafuni, mpaka nyuma ya nyumba ambako Mama Kibii alikuwa akimwagia ng'ombe maji.

"Mama, tisini na tatu!"

"Ni nyingi au ni kidogo?"

"Ni kazi!"

Ndoo ikaanguka. Mama Kibii, mwanamke wa miaka sitini na tatu mwenye goti bovu, akamkumbatia kiunoni, akamwinua juu kama kopo la maziwa, na wakazunguka, na kuzunguka, hadi kuku wakatawanyika wakipiga kelele na ng'ombe akaacha maji kutazama.

"Kazi!" alikuwa akisema. "Kazi! Kazi! Nishike, mwanangu, naanguka!"

Wakaanguka kweli, wote wawili, kwenye nyasi zilizolowa.